Pesa Imefika, Lakini Itakaa?

Mteja akisimama mbele ya meza yangu katika soko la Kariokor, hakuna kati yetu anayelazimika kumwamini mwenzake. Anakishika kiondo, kikapu cha mkonge, anakigeuza, anavuta mikanda kuona kama imeshonwa ikashika. Tunapatana bei, anatoa pesa, anabeba mzigo wake, yamekwisha. Mteja aliye Kisumu, Mombasa, Hamburg au Toronto hana meza hiyo. Hapo lazima mmoja atangulie: ama mimi nitume kiondo nikingojea pesa, ama yeye atume pesa akingojea kiondo. Anayetangulia ndiye anayebeba hatari. Njia zote za malipo ninazozijua, kuanzia simu hadi benki za ng'ambo, ni namna mbalimbali za kuamua nani atangulie, na kwa kiasi gani.

Mafundi wenzangu wanaotengeneza vitu kwa mikono hapa Nairobi huniuliza njia ipi ni salama, wakitarajia nitaje jina moja. Kwangu jina ni jambo la pili. Kabla ya kukubali malipo yoyote kutoka mbali najiuliza mambo matatu. Pesa imeingia kwangu kweli, au nimeonyeshwa tu kwamba imetumwa? Ikishaingia, nani ana uwezo wa kuirudisha, na kwa muda gani? Na kukizuka ubishi, nina karatasi gani mkononi? Hilo la katikati ndilo wengi hawaliulizi. Tunashukuru pesa ikifika, na hatujui kwamba kuna pesa inayofika ikiwa na ruhusa ya kurudi ilikotoka kwa miezi.

Viondo ninavyouza hufumwa na akina mama wa Machakos na Kitui. Mkonge husokotwa kwa kiganja juu ya paja, hutiwa rangi, kisha hufumwa kwa mzunguko kuanzia kitako kwenda juu. Kiondo cha kwendea sokoni kinaweza kuchukua wiki kadhaa, kwa sababu mama anafuma katikati ya shamba, kuni na watoto. Kikifika Nairobi natia bitana, kifungo na mikanda ya ngozi. Sasa mteja akitaka herufi za jina lake zichapwe kwenye ngozi, au rangi za harusi yake, kiondo hicho hakina mnunuzi mwingine duniani. Mwenye duka la viatu vya plastiki mteja akimtoroka kabla mzigo haujatoka, viatu vyake bado viko rafuni na kesho atauza. Mimi mteja akinitoroka katikati ya kazi, nimeshapoteza hata kama kifurushi hakijavuka mlango. Ndiyo maana nashikilia kwamba malipo salama ya kazi ya mikono huanza siku ya oda. Anayeanza kufikiria usalama siku ya kufunga mzigo amekwisha kuchelewa.

Kwa hiyo nachukua arubuni. Kitu kilicho tayari mezani hulipiwa chote kabla ya kutumwa. Oda ya kawaida, nusu. Kitu chenye jina la mtu au rangi alizochagua mwenyewe, nachukua arubuni inayofunika mkonge, ngozi na ujira wote wa mfumaji, nikibakiza faida yangu na gharama za kutuma. Mteja akipotea, mama wa Kitui amelipwa na mimi nimepoteza muda wangu tu. Nayaandika yote kwenye ankara: kiasi kilichotangulia, salio, tarehe ya kumaliza, na kwamba arubuni hairudishwi kazi ikishaanza isipokuwa nikishindwa mimi, hapo inarudi yote. Hilo la mwisho nalitia kwa herufi zilezile kama mengine, maana mteja naye ametangulia. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la biashara ya mbali ni ankara ambayo pande zote mbili zimeisoma na kuikubali kabla shilingi haijatembea.

Kuna wanaoona haya kudai arubuni. Wanahofia mteja ataona haaminiwi. Mbona fundi seremala wa Ngong Road hakati mbao ya kitanda chako bila arubuni, na fundi wa nguo za harusi Eastleigh vilevile, na hakuna anayekasirika? Mteja anayekasirishwa na arubuni kwa kitu ambacho hakijatengenezwa ameniambia jambo ninalohitaji kulijua mapema.

Tuanze na hapa nyumbani. M-Pesa ilianza Machi 2007, na leo mteja wa Eldoret au Malindi anaweza kunilipa kabla sijamaliza kumsalimia. Pesa ikiingia, kwa kawaida imeingia, naweza kuitoa kwa wakala aliye hatua chache kutoka hapa. Mara nyingi utapeli haupiti kwenye pesa, unapita kwenye ujumbe. Mtu anaandika maneno yaleyale ya ujumbe halali, na jina lako, na kiasi, na nambari ya muamala, anakutumia kutoka kwenye simu ya kawaida. Ujumbe halali huja chini ya jina MPESA, kwenye mfululizo uleule wa jumbe zako za zamani, na hubeba salio lako jipya. Mwongo hajui salio lako. Ataliruka au ataweka la kubuni. Ndiyo maana ni vizuri fundi kujua salio lake kila asubuhi kabla ya kufungua kazi.

Nambari ya muamala nayo ina siri yake ndogo. Ni herufi na tarakimu kumi, na ukizitazama risiti zako za zamani utaona mpangilio: zile za 2024 zilianza na S, za 2025 zikaanza na T. Herufi ya pili hufuata mwezi, A kwa Januari hadi L kwa Desemba, na ya tatu hufuata siku, tarakimu hadi tarehe 9, kisha A kwa tarehe 10 na kuendelea. Mtu akikuonyesha malipo ya leo asubuhi yenye nambari ya Machi iliyopita, amenakili risiti ya zamani. Lakini hata nambari ikilingana sitegemei hesabu hiyo peke yake. Najua namna ya kuhakikisha, nayo haihitaji ujuzi wowote: napiga *334#, naangalia salio mwenyewe. Picha ya skrini haijawahi kunilipia ngozi.

Mzee anayeshona ndara meza ya pili kutoka kwangu alipigiwa simu na mtu mwenye sauti ya upole sana. “Mzee wangu, nimekutumia elfu tatu kimakosa, ni za dawa ya mtoto, tafadhali nirudishie kwa namba hii nyingine.” Na kweli elfu tatu zilikuwa zimeingia. Mzee alikuwa ameshashika simu azirudishe, ni mtu wa huruma. Nikamwomba asitume chochote. Aliyetuma kimakosa ana njia yake: anapeleka ujumbe wa muamala kwenye 456 na kampuni inashughulikia. Ukimrudishia kwa muamala mpya, tena kwa namba nyingine, na baadaye ule wa kwanza ukarudishwa kwa njia rasmi, umelipa mara mbili. Au pesa ilitoka kwenye simu ya wizi, na sasa jina lako limo katikati ya safari yake. “Mwambie apeleke 456, mzee,” nikamwambia. Akamwambia. Yule wa sauti ya upole akakata simu.

Ninapokea kwa nambari ya tili, ile ya M-Pesa ya kulipia biashara, yenye jina la biashara yangu. Faida kubwa iko kwa mteja: kabla hajabonyeza kutuma, simu yake inamwonyesha jina la anayelipwa, na jina hilo ni lilelile lililo kwenye ankara. Mtu akimlaghai mteja wangu kwa kujifanya mimi, jina litakataa. Tena miamala ya biashara haichanganyiki na nauli, michango ya harusi na pesa za shule, jambo ambalo siku ya ubishi, au siku ya kodi, utalishukuru.

Kuhusu lipa ukipokea, najua wateja wanaipenda, na najua kwa nini. Imewaumiza wengi kulipia mzigo mtandaoni wakapokea kitu kingine. Nakubali ndani ya Nairobi tu, kwa kitu kilicho tayari, na nauli ya mwendeshaji wa boda nalipwa kwanza. Mwendeshaji ninayemfahamu hukabidhi mzigo baada ya mimi kumpigia na kumwambia pesa imeingia, si baada ya mteja kumwonyesha simu. Sharti hilo lina uzito wake, kwa sababu mchezo unaochezwa sana mjini huu ni kumwonyesha mwendeshaji ujumbe wa uongo huku ukimhimiza, mvua inanyesha, lifti inafunga, mlinzi anafoka. Mizigo ya mikoani naipeleka kwenye ofisi za mabasi huko River Road baada ya kulipwa chote, na stakabadhi ya mzigo yenye jina kama lilivyo kwenye kitambulisho cha mteja naipiga picha na kumtumia papo hapo.

Nje ya mipaka ndipo muda wa pesa kurudi unapokuwa jambo zito.

Wakenya walio ughaibuni hunitumia kwa Western Union, WorldRemit au Wise, na pesa inaingia moja kwa moja kwenye M-Pesa. Kwangu ni njia nzuri. Ikishaingia nikaitoa, ni vigumu mno kurudishwa. Lakini fundi mwaminifu ajue kwamba kwa sababu hiyohiyo mteja yuko uchi. Western Union wenyewe huwaonya watu wasitume pesa kwa mtu wasiyemjua. Basi nikimlazimisha mgeni wa Toronto atumie njia hiyo, akakataa, hana kosa. Naikubali kwa wateja wanaonijua, au wanaojuana na mtu anayenijua: dada aliyewahi kuja sokoni, shangazi aliyetumwa na mpwa wake.

Uhamisho wa benki kwa benki naupenda kwa oda kubwa, za maduka. Mteja anahitaji jina la akaunti kama lilivyo, nambari ya akaunti, jina la benki na tawi, na msimbo wa SWIFT unaoitambulisha benki kimataifa. Wateja wa Ulaya huuliza IBAN, nambari ya akaunti ya mfumo wa kimataifa, na Kenya haitumii IBAN, ni vizuri kuwaambia mapema ili wasidhani unawazungusha. Benki za katikati hukata chao njiani, unaandikiwa dola mia tano zinafika pungufu, kwa hiyo ankara yangu inasema gharama zote ni za mtumaji. Na hapa pia kuna karatasi inayopotosha: mteja anakutumia nakala ya hati ya benki inayoonyesha maagizo ya uhamisho, ile iliyozoeleka kwa jina la MT103. Hati hiyo hata ikiwa halali inasema pesa imetumwa. Mimi nafunga mzigo benki yangu ikisema imeingia.

PayPal, huduma ya malipo ya mtandaoni, ndiyo inayoulizwa kuliko zote, nami nitakaa hapo kidogo, kwa sababu ndipo wateja wengi wa mbali wanapojisikia salama, na ndipo mafundi wengi wanapoumia bila kuelewa kilichotokea. Tangu 2018 Mkenya anaweza kuhamisha salio lake la PayPal kwenda M-Pesa, kwa hiyo kuitoa pesa si shida. Shida ni kwamba mnunuzi ana siku 180 kutoka siku ya malipo za kufungua malalamiko. Siku 180 ni karibu nusu mwaka. Kiondo kimekwisha kufumwa, kimesafiri, kimebebewa mboga, na pesa yake bado haijawa yako kabisa.

Sisemi tuikwepe. Nasema tufuate masharti yake kama mtu anayefuata maagizo ya dawa. Kwanza, nikipata barua pepe kwamba nimelipwa, sifungui hata kiungo kimoja ndani yake. Naingia kwenye akaunti yangu mwenyewe na kutazama. Kuna barua maarufu inayosema pesa yako ipo, imezuiliwa, itaachiliwa ukishaingiza nambari ya kufuatilia mzigo. Hiyo ni ya matapeli, wanataka utume kwanza. Pili, natuma kwenye anwani iliyo kwenye ukurasa wa muamala, hiyohiyo. Mteja akiniandikia baadaye, “nimehama, peleka kwa dada yangu,” namrudishia pesa yake na kumwomba alipe upya kwa anwani mpya. Wengine wanaona ni ukali. Ukituma kwingine umejivua kinga ya muuzaji, ile ahadi ya PayPal ya kumlinda muuzaji anayefuata masharti, na aliyeiba akaunti ya mtu hupenda sana kubadili anwani baada ya kulipa. Tatu, natuma kwa njia yenye nambari ya kufuatilia, na mzigo wa dola 750 au zaidi hutakiwa uwe na saini ya aliyepokea. Nne, sikubali malipo ya biashara yaje kwa njia iliyowekwa kwa marafiki na ndugu eti tuokoe ada. Ada ni gharama ya kazi, iingizwe kwenye bei.

Hata ukitimiza yote hayo, kinga ya muuzaji inafunika malalamiko mawili: kwamba mzigo haukufika, na kwamba mwenye akaunti hakuidhinisha malipo. Lalamiko la tatu, kwamba kilichofika hakifanani na kilichoelezwa, halimo. Na kwa kazi ya mikono hilo ndilo linalotuhusu zaidi kuliko mtu yeyote. Mkonge uliotiwa rangi kwa magome na mizizi hautoi rangi moja mara mbili. Kiondo cha leo kina wekundu wa udongo wa Machakos, cha mwezi ujao kimeegemea hudhurungi. Mdomo wa kiondo hauwi duara kama ulivyochorwa na mashine. Mteja wa Kariokor anayaona hayo na kuyapenda. Mteja aliyeona picha moja iliyopigwa jua kali la saa sita ana haki ya kushangaa.

Kwa hiyo maelezo ya bidhaa ni sehemu ya usalama wa pesa, na nayapa muda kama ninavyoipa ngozi. Napiga picha kivulini, asubuhi, bila kuongeza rangi kwa simu. Naandika upana wa mdomo, kimo, urefu wa mkanda kwa sentimita, na kwamba vipimo vinaweza kupishana kidogo. Nasema harufu ya mkonge huwa kali siku za mwanzo. Kiondo kikikamilika, nampigia mteja picha za kiondo hichohicho chake, kutoka pande zote na ndani, na nasubiri aandike kwamba amekikubali ndipo nidai salio. Neno lake la kukubali nalihifadhi pamoja na ankara. Kukitokea ubishi, ninayo maelezo aliyoyasoma, picha alizoziona na jibu lake mwenyewe. Na la muhimu zaidi kwangu, mara nyingi ubishi hautokei, kwa sababu hakuna kilichomshangaza kwenye kifurushi.

Kadi za Visa na Mastercard zina mlango wao wa kurudi. Mwenye kadi anaweza kuiambia benki yake irudishe pesa, kwa kawaida ndani ya siku 120, na akidai mzigo haukufika, siku hizo zinaweza kuhesabiwa kutoka tarehe aliyotarajia kuupokea. Fundi anayechelewa kumaliza kazi anaurefusha mwenyewe muda huo. Tena si lazima mlalamikaji awe uliyezungumza naye. Kadi ikiwa ya wizi, mwenyewe halisi atalalamika akiona taarifa yake ya benki, na atakuwa na haki kabisa.

Mtu anayenunua kwa kadi ya wizi ana tabia zake. Haulizi kuhusu kitu chenyewe. Mnunuzi wa kweli wa kiondo anauliza kama kinabeba kompyuta, kama ngozi itachubuka, kama kuna chenye mkanda mrefu. Huyu mwingine anataka ishirini, rangi yoyote, haraka, na bei hajaigusa. Kisha anakuja na wakala wake wa usafirishaji: atalipa zaidi ya ankara, nawe umtumie wakala tofauti hiyo kwa M-Pesa au Western Union. Hapo ndipo penye mtego wenyewe. Viondo hata havitaki. Anataka ile tofauti, ambayo unaitoa kwa njia isiyorudi, wakati malipo yake yeye yamekuja kwa njia inayorudi. Benki ikiyavuta, umepoteza tofauti, na kama uliharakisha, na viondo pia. Dada mmoja anayefanya kazi za shanga alifikia hatua ya kuulizwa namba ya wakala, akanipigia kuniuliza kwa nini mtu alipe zaidi ya anachodaiwa. Swali lake lilikuwa jibu tosha. Alimwandikia kwamba anapokea kiasi cha ankara tu na mzigo atautuma mwenyewe, na mazungumzo yakaishia hapo.

Hundi ya benki ya ng'ambo sipokei. Benki inaweza kukuwekea kiasi chake kwenye akaunti kabla haijalipwa kule ilikotoka, na ikikataliwa wiki kadhaa baadaye inakatwa kwako, hata kama ulishaitumia. Na mteja akipendekeza mtu wa kati wa kushika pesa hadi mzigo ufike, wazo si baya, ila tovuti iwe ile ninayoijua na kuifungua mwenyewe, isiwe ya kiungo alichonitumia yeye.

Mzigo wa ng'ambo naupeleka posta kuu ya Kenyatta Avenue, kwa EMS, huduma yao ya haraka, au kwa kampuni ya usafirishaji mteja akilipia. Nambari ya posta ina herufi mbili, tarakimu tisa, kisha KE mwishoni, na mteja anaweza kuifuatilia hadi kwao. Risiti hiyo naithamini sawa na pesa. Jambo la ushuru nalisema kwenye ankara kabla ya malipo, kwa sababu mteja akidaiwa mlangoni kiasi asichokitarajia anaukataa mzigo, kisha anadai pesa yake. Umoja wa Ulaya hutoza kodi ya ongezeko la thamani kwa mizigo ya thamani yoyote tangu 1 Julai 2021. Marekani ilikuwa ikipitisha bila ushuru mizigo isiyozidi dola 800 hadi msamaha huo ulipoondolewa mwishoni mwa Agosti 2025. Wateja wengi wa huko walikuwa wamezoea kutolipa chochote, na wanahitaji kuelezwa kwa upole, mapema, na kwa maandishi.

Nimezungumza sana juu ya hofu yetu. Mteja wa Hamburg naye anaogopa. Anatuma pesa kwa mtu asiyemjua, katika mji ambao huenda amesikia habari zake mbaya tu. Haniudhi akiuliza maswali mengi. Nampigia simu ya video nikiwa mezani, namwonyesha kiondo, soko, na majirani wanaopunga mkono. Namtumia cheti cha usajili wa jina la biashara. Namwacha achague njia inayomlinda, nami najilinda ndani yake kwa kufuata masharti. Akitaka kuanza na kiondo kimoja kidogo kabla ya kuagiza kumi, nafurahi, kwa sababu mimi pia nilitaka hivyo. Duka jipya la ng'ambo likija na oda kubwa, tunaigawa: arubuni kwa benki, kundi la kwanza la viondo linatumwa na kulipiwa, ndipo la pili lianze kufumwa. Hakuna wakati ambapo mmoja wetu ametangulia kwa kiasi kitakachomvunja.

Na kwa malipo yale yenye ruhusa ya kurudi, ya PayPal na ya kadi, nina akaunti ya pembeni. Ujira wa mfumaji nalipa siku kiondo kinapofika Nairobi, hausubiri malalamiko ya mtu yeyote. Faida yangu kwenye oda hizo naiweka huko hadi muda wa malalamiko upite, na tarehe ya kuifungua naiandika kwenye daftari pembeni ya jina la mteja. Benki ya mbali ikivuta pesa kabla ya tarehe hiyo, inavuta kutoka kwenye akaunti hiyo. Kitui hakuna anayepigiwa simu.